Chumba Namba Nne, Karibu na Jiko

Selina alikuwa msomaji wa polepole. Shule aliiacha darasa la tano, mwaka aliofariki mama yake, na tangu hapo maandishi aliyaendea kwa kidole, neno moja moja, kama mtu anayechambua mchele wenye mawe. Kwa hiyo Jumanne ile, alipotoka mashineni na ndoo yake ya unga akakuta watu wamejaa mbele ya ubao wa matangazo wa kijiji cha Isumbiro, hakusogea. Alitua ndoo chini, akasubiri wapungue.

Hawakupungua. Kila aliyesoma alibaki palepale, amsomee mwingine.

"Kumbe," alisema mama mmoja mwenye kapu la vitunguu. "Na mimi miaka miwili nawapelekea maziwa, nikijua ni wazee tu wametupwa na watoto wao."

"Wote wanane?"

"Macho si unayo? Soma. Sababu, sababu, sababu. Uchawi kuanzia juu mpaka chini."

Antipasi, fundi simu wa pale kijijini, alinyoosha mkono juu ya vichwa vya watu akapiga picha.

"Unaipeleka wapi hiyo?"

"Kwenye kundi la wasapu. Na wenzetu walioko machimboni wasome, wasije wakasema tunawaficha mambo ya nyumbani."

Watu wakacheka. Selina alijipenyeza mpaka mbele, akaweka kidole kwenye waya wa ubao. Juu ya karatasi palikuwa na muhuri mpya na maneno makubwa: ORODHA YA WANUFAIKA WA RUZUKU YA ULINZI. Kidole kilishuka. La kwanza, la pili, la tatu. Kwenye jina la sita kikasimama.

Emiliana Mughwai. Miaka 71. Ametoka: Sekenke, Iramba. Anakaa: chumba namba nne, karibu na jiko. Sababu ya kuhifadhiwa: tuhuma za uchawi.

Alirudia kusoma, akitumaini kwamba amekosea herufi. Hakuwa amekosea. Emiliana Mughwai alikuwa bibi yake mzaa mama, na Selina ndiye aliyemleta Isumbiro, alfajiri moja, juu ya lori la vitunguu, akiwa amemfunika kwa maturubai. Katika dunia nzima hakuna aliyekuwa anajua alipo isipokuwa watu wa kituo. Sasa alijua kila mwenye simu.

Alitaka kusema kitu. Alitaka hata kumwambia Antipasi afute. Lakini Selina alikuwa mtu ambaye maneno humfika kooni yakageuza njia yakarudi. Alijitwika ndoo yake, akaondoka, na nyuma yake akasikia mtu anasema, "Si ndiye yule mpishi wao?"

*

Kituo chenyewe kilikuwa pembeni mwa kijiji, ukitoka barabara kuu ya Ihanja unaingia ndani mwendo wa saa moja kwa miguu. Waumini wa kanisa na wa msikiti ndio walioungana kukianzisha, wakaandikisha asasi, wakampa Mama Theodora, nesi mstaafu, akiongoze. Wazee wanane, wote wanawake, wote waliokimbia vijiji vyao baada ya kunyooshewa kidole. Bibi Emiliana mwanawe mwenyewe ndiye aliyemnyooshea. Sostenes, mjomba wake Selina, alikuwa na duara, shimo la kuchimbia dhahabu, na duara hilo lilititia likawafukia wenzake wawili wakafa. Mganga akamwambia adui anakula naye chungu kimoja na ana macho mekundu. Macho ya Bibi Emiliana yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka sitini. Usiku watu walipokuja na mapanga walimkosa kwa sababu alikuwa ameingia ndani ya kihenge cha ulezi, na mlango wake waliukata vipande vipande kwa hasira.

Mwaka huu, baada ya barua za vitisho kutupwa kituoni mara mbili, serikali ilitangaza ruzuku kwa asasi zinazohifadhi watu wanaowindwa. Mama Theodora akaomba, akapata. Fungu la kwanza lilinunua tofali na saruji za ukuta. Fungu la pili lingeleta geti la chuma, taa na king'ora. Ukuta ulikuwa umekwisha pande tatu. Upande wa nne, unaotazama shamba la alizeti, palibaki kipande cha hatua kumi na mbili ambacho tofali zake zilifika magotini, na nafasi ya geti iliyo wazi.

Mama Theodora alimsikiliza Selina akiwa amesimama. Selina alipomaliza, yeye akakaa.

"Orodha ile nilimkabidhi mtendaji mkononi," alisema. "Fomu ilitaka viambatanisho vyote vipitie kwake. Sikuifunga kwenye bahasha. Mungu wangu, sikuifunga."

Akampigia simu mtendaji wa kijiji, Alute, akaiweka simu kwenye spika.

"Dada Theodora," sauti ya mtendaji ilikuwa ya mtu aliye katikati ya chakula, "utaratibu ni huohuo wa miaka yote. Kaya maskini, tunabandika. Mbolea ya ruzuku, tunabandika. Mwongozo umeandikwa ukurasa wa kumi na moja: orodha ya wanufaika ibandikwe mahali pa wazi siku kumi na nne. Nikiitoa leo, wilayani wataniuliza nimeficha nini, na geti lako hutaliona."

"Lakini Alute, hawa watu wamejificha."

"Wamejificha kwenye hela ya serikali? Hela ya serikali haina maficho, dada. Siku kumi na nne. Zimebaki kumi na tatu."

Simu ikakatwa. Mama Theodora alitazama nafasi ya geti, na Selina akaona anavyopima: geti huku, karatasi kule.

"Siku kumi na tatu," alisema Mama Theodora taratibu. "Labda hawatafika."

*

Jumatano asubuhi mafundi hawakuja. Miraji, fundi mkuu, mtu wa maneno mengi asiyepitiwa na asubuhi bila kumtania bibi mmoja au mwingine, aliacha hata mwiko wake na pima maji juu ya tofali. Muuza maziwa naye hakuja. Mabibi wakakaa uani wakijua jambo lipo, bila wa kuwaambia.

Simu ya kituo ilikuwa inachajiwa jikoni. Ilipolia, Selina alipangusa mikono akapokea.

"Haloo. Hapo ni kituoni Isumbiro?"

Aliijua sauti kabla neno la pili halijaisha. Namba ya kituo iliandikwa chini ya orodha, kwa mawasiliano.

"Ni Selina huyo? Huamkii wakubwa siku hizi?"

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Miaka miwili, mwanangu. Hata ujumbe. Mama yangu hajambo?"

Kupitia dirisha Selina alimwona bibi yake akichambua choroko, uso karibu kabisa na ungo kwa sababu ya yale macho.

"Nasikia mmempa chumba kizuri," Sostenes aliendelea, kwa upole kama anayeulizia hali ya mifugo. "Namba nne. Karibu na jiko, baridi ya huko haimfikii. Vizuri. Jumamosi asubuhi nakuja kumsalimia. Nina wenzangu wawili, nao wana hamu naye. Mwambie asihangaike kupika."

Akakata.

Mama Theodora alikwenda mwenyewe kwa polisi kata. Polisi aliandika maelezo, akampa namba ya taarifa, akasema Jumamosi atafika, akitokea kijiji cha mbali ambako ana kesi ya ng'ombe. Aliporudi, Mama Theodora alitaka Bibi Emiliana ahamishiwe Unyambwa, kwa dada yake, mpaka mambo yapoe.

Bibi Emiliana alisikiliza yote bila kuacha choroko zake.

"Na chumba namba nne atalala nani?"

"Kitabaki kitupu, mama."

"Kitupu hakijulikani kwa anayekuja na panga. Ataingia namba tatu, amkute Magreth. Magreth hata kusikia hasikii." Alitoa jiwe dogo kwenye ungo akalitupa. "Mimi nimeshakimbia mara moja. Miguu ya kukimbilia ya pili sina."

"Bibi," Selina alisema, "ni mjomba kweli anayekuja."

"Nimekusikia. Si mimi niliyemzaa?"

Basi. Hakukuwa na mwingine wa kumsemea. Selina alikwenda ofisini kwa Mama Theodora, akasimama mlangoni na kiganja mbele ya mdomo, kama kawaida yake.

"Naomba ule mwongozo wa ruzuku."

"Utausoma wewe? Una kurasa arobaini na mbili." Hakusema kwa ubaya.

"Nitajaribu."

Mtu mwingine angefungua moja kwa moja ukurasa wa kumi na moja. Mama Theodora alifanya hivyo, mtendaji alifanya hivyo. Selina hakujua namna nyingine ya kusoma isipokuwa kuanza mwanzo. Alikaa juu ya gunia la mkaa, akasoma jalada. Akasoma utangulizi, ambao hakuuelewa. Jua lilipokuwa linakaribia kuzama alikuwa amefika ukurasa wa tatu, uliokuwa na kichwa MAANA YA MANENO, na kidole chake kikasimama kama kilivyosimama kwenye ubao.

*

Alhamisi asubuhi walikwenda wawili ofisi ya kijiji. Mtendaji Alute alikuwa mtu wa makamo, nadhifu, kalamu mbili mfukoni. Walimwamkia, akaitika, akauliza kama wamekuja kwa jambo lilelile.

"Selina atasoma," alisema Mama Theodora.

Selina alimtazama kwa hofu. Njiani walikuwa wamekubaliana asome Mama Theodora. Lakini Mama Theodora aliusukuma mwongozo mbele yake, na mtendaji akatazama saa.

"M-nu-fa-i-ka," Selina alianza. Uso ulimwaka. "Mnufaika ni asasi iliyopewa ruzuku kwa mujibu wa mwongozo huu."

"Endelea," alisema Mama Theodora.

"Mhifadhiwa ni mtu anayeishi chini ya ulinzi wa mnufaika. Taarifa za mhifadhiwa ni siri. Hazitabandikwa wala kusomwa hadharani."

Mtendaji alinyoosha mkono akauchukua mwongozo. Alisoma haraka, kisha akasoma tena polepole. Alifungua ukurasa wa kumi na moja, akarudi wa tatu. Kalamu moja aliitoa mfukoni, akairudisha.

"Wanufaika kwetu ni watu," alisema mwishowe. "Miaka yote ni watu. Nani aliwahi kusikia mnufaika ni jengo?"

Aliufunga mwongozo, akauweka mezani.

"Kwa hiyo kilichotakiwa pale ni jina la kituo tu. Mstari mmoja."

"Mstari mmoja," alisema Mama Theodora.

Alichukua ufunguo, akatoka nje, wakamfuata. Alifungua mlango wa waya, akaibandua karatasi kwa uangalifu, pembe kwa pembe, akaikunja mara nne. Alipogeuka, sura yake ilikuwa imezeeka kidogo.

"Hii nimeibandua," alisema. "Zile picha kwenye simu za watu siwezi kuzibandua, dada. Nisamehe. Ripoti yangu ya wilayani nitaiandika upya leo hii, geti halitakwama kwangu. Lakini geti lenyewe haliji kabla ya mwezi ujao."

"Na yeye anakuja keshokutwa," alisema Mama Theodora.

*

Miraji alikuwa nyumbani kwake, amekaa juu ya kigoda, ananoa jembe ambalo halikuwa butu. Alipomwona Selina akainua mkono.

"Mpishi, kama umekuja na makande, karibu. Kama umekuja kuniita, ukuta ule nimeupumzisha."

Selina alisimama pale. Alikuwa amejipangia maneno njia nzima, sasa yote yametawanyika.

"Umeacha mwiko wako na pima maji," alisema.

"Vitakaa. Nani ataiba kwa wachawi?" Alicheka peke yake, kisha akaacha. "Sikiliza, dada. Mimi sina ugomvi na wale mabibi. Lakini nina mke ana mimba ya miezi saba. Ameona ile picha, ameniambia ukirudi kule usirudi hapa. Ningefanyaje?"

"Umekula pale siku ngapi?"

"Nini?"

"Chakula. Siku ngapi?"

Miraji alihesabu kimoyomoyo. "Siku kumi na tisa."

"Choroko zote alichambua bibi yangu. Ule mlenda uliokuwa unaomba uongezwe, aliupika yeye, mimi nilikuwa naubeba tu." Sauti ilikuwa inamtetemeka, lakini safari hii haikugeuza njia. "Siku kumi na tisa mchawi amekulisha kwa mkono wake, na wewe ulikuwa unarudia sahani ya pili. Uliumwa nini?"

Kutoka ndani ya nyumba alisikika mwanamke. "Mwulize na kuvimbiwa. Kuvimbiwa ndiko alikokuja nako."

Miraji aligeuka kuelekea mlangoni. "Wewe si ndiye uliyenikataza?"

"Nilikukataza ulipokuwa hujaulizwa vizuri." Mkewe alitokea, mkono kiunoni, tumbo mbele. Alimtazama Selina kwa muda. "Kweli anakuja mtu kumuua?"

"Jumamosi asubuhi."

"Mwanawe?"

Selina aliinamisha kichwa. Mwanamke yule akashika tumbo lake kwa mikono miwili, akaingia ndani akarudi na kofia ya mumewe.

Miraji alimpitia mwenzake, Ignas, na saa saba mchana walikuwa kituoni. Walijenga mpaka giza, wakarudi Ijumaa kabla ya jua. Mabibi walijipanga mstari kutoka kwenye rundo la tofali mpaka ukutani, tofali ikapita mkono kwa mkono. Bibi Magreth asiyesikia alikuwa anapokea kabla hajapewa. Mama Theodora alichota maji. Selina alichanganya saruji na mchanga mpaka viganja vikachubuka. Ijumaa saa tisa alasiri ile hatua kumi na mbili ilikuwa imefika juu ya kichwa cha mtu mrefu, na wote wakasimama wakitazama kilichobaki: nafasi ya geti, pana kama njia ya trekta.

"Tuweke nini hapa?" aliuliza Ignas. "Mabati?"

"Bati anakata kwa panga moja," alisema Miraji.

"Ziba," alisema Selina.

"Nizibe nini?"

"Ziba kwa tofali. Kote."

Miraji alimtazama kuona kama ni utani. "Dada, huo ni mlango. Nikiuziba mtatokea wapi?"

"Kwa ngazi."

"Huyu mwenye miaka sabini na moja apande ngazi?"

"Huyu alikaa usiku kucha ndani ya kihenge cha ulezi," alisema Bibi Emiliana kutoka kwenye mstari, tofali mkononi. "Ngazi ni starehe. Ziba, baba, jua linakwenda."

Basi wakaziba. Ilikuwa kazi ya ajabu, na Miraji alisema tangu ashike mwiko hajawahi kulipwa kujenga nyumba isiyo na mahali pa kuingilia. Alipoweka tofali ya mwisho, alishuka akamvuta Selina pembeni.

"Huku kwingine kumekauka kiasi. Lakini hapa kwenye geti ni kubichi. Asubuhi kutakuwa bado kubichi. Mtu mzima akisukuma kwa bega, ukuta unalala wote. Usimwambie yeyote, hata mabibi. Mtu akijua ukuta ni mbovu, macho yake huenda pale."

*

Jumamosi saa tatu kasoro waliisikia pikipiki. Miraji alikuwa ndani, alikuja kumwagilia ukuta maji. Aliinua ndoo, akaiweka chini bila sauti. Mabibi waliingizwa vyumbani, isipokuwa Bibi Emiliana, aliyesema atakaa uani juu ya tofali zilizobaki, na akakaa.

Selina alipanda ngazi kwenye kona ya ukuta wa zamani, akachungulia.

Walikuwa watatu, mshikaki kwenye pikipiki moja. Wa nyuma kabisa alibeba kiroba kirefu, kimefungwa kwa kamba ya katani. Sostenes alishuka wa kwanza. Alisimama, akatazama simu yake, akatazama ukuta. Akaanza kuuzunguka, kushoto kwenda kulia, mkono nyuma, kama bwana shamba anayekagua. Alipotea nyuma, akatokea upande wa pili, akafika alipoanzia.

"Hawa wanaingilia wapi?" aliwauliza wenzake.

"Labda wanaruka na ungo," alisema mwenye kiroba, lakini hakucheka.

Sostenes alisogea mpaka pale palipokuwa na geti. "Mama," aliita.

"Nipo," alijibu Bibi Emiliana kutoka ndani.

"Mbona mmejifungia? Nimekuja kukusalimia."

"Nisalimie."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umeshanisalimia, baba. Nenda nyumbani."

Upepo ulipita kwenye alizeti. Mbali kidogo, ndani ya shamba, watu walikuwa wanavuna, na Selina aliiona migongo yao imeinama.

"Watu wawili wamekufa kwenye duara langu, mama. Wana watoto."

"Najua. Yule mdogo mimi ndiye niliyemzalisha mama yake. Nilimlilia kabla yako."

"Mganga alisema—"

"Alichosema nakijua. Walikuja nacho mlangoni kwangu."

Sostenes alinyoosha mkono akauweka kwenye ukuta, kama mtu aliyechoka. Aliuweka pabichi. Selina aliona kiganja kimetulia juu ya tofali alizozipokea yeye mwenyewe jana jioni. Chini yake, Miraji alikuwa amefumba macho.

Mkono ukaondoka. Sostenes alivitazama vidole vyake. Vilikuwa vya kijivu, vimelowa. Alivisugua pamoja polepole, akainua kichwa, akaupima ukuta kuanzia chini mpaka juu kwa namna nyingine kabisa. Kisha akamwita mwenye kiroba kwa kidole.

Kamba ilifunguliwa. Mtu wa tatu naye akashuka kwenye pikipiki, akajipanga bega kwa bega na mwenzake mbele ya ule ukuta mbichi.

Tangu azaliwe Selina hakuwahi kulitamka jina la mjomba wake. Jina la mkubwa halitamkwi na mtoto. Ni mjomba, basi. Alijiinua juu ya ngazi mpaka kiuno kikapita ukuta.

"Sostenes," aliita.

Wote watatu wakainua vichwa. Ilitoka sauti ambayo hata yeye hakuwa anajua kwamba anayo, kubwa, ya mtu anayeita ng'ombe ng'ambo ya bonde.

"Sostenes Mughwai wa Sekenke, amekuja kumuua mama yake Emiliana. Amekuja na watu wawili. Pikipiki yao nyekundu." Akaanza kuisoma namba, herufi moja moja, tarakimu moja moja, akikaza kila moja. Alipofika mwisho akaanza upya. Nyuma yake Miraji aliokota msumari akawa anaiandika kwenye saruji mbichi upande wa ndani, kama anavyoisikia.

Kwenye alizeti mgongo mmoja ulinyooka. Kisha wa pili. Kisha wanne, watano. Mama mmoja alitua kapu, akatoka shambani mpaka kwenye njia. Alikuwa yule yule muuza maziwa. Hakusogea karibu. Alisimama na mundu wake, akatazama. Wengine wakaja wakasimama pembeni yake.

"Umeniita nani?" Sostenes alimwuliza Selina. Ilionekana hilo ndilo lililomuumiza zaidi.

"Sostenes," alisema Selina, na akaisoma namba mara ya tatu.

Mwenye kiroba alikuwa tayari anafunga kamba yake. "Twende, bwana," alisema. "Watu wametuona sura."

Sostenes alibaki kidogo. Alifuta vidole kwenye suruali, saruji ikaacha alama paja zima. Akapanda pikipiki, akakaa katikati, wakaondoka kwa njia ile ile, wakiwapita watu wa alizeti. Mmoja tu ndiye aliyejisogeza kupisha.

Polisi kata alifika baada ya saa moja na nusu. Aliambiwa apande ngazi, akapanda, akainakili namba kutoka ukutani, akapiga simu vituo vya polisi vilivyo mbele njiani, Ihanja na kwingine. Kama pikipiki ilikamatwa au la, siku hiyo hawakuambiwa. Alisema atarudi jioni na mwenzake, na kwamba mtu asitoke.

"Atatokea wapi?" aliuliza Miraji.

Hayo yalikuwa baadaye. Kwanza, mlio wa pikipiki ulipokwisha kabisa, Selina alishuka ngazi. Bibi Emiliana alikuwa bado amekaa juu ya tofali zake, mikono mapajani, uso umeelekea ukutani kama anayeweza kuona kupitia humo.

"Ulimwona vizuri?" aliuliza.

"Nilimwona, bibi."

"Amekonda?"

Selina alikaa chini, kwenye vumbi, karibu na miguu ya bibi yake. Alifikiria lile paja lenye saruji, ule mkono ukutani, shingo iliyokuwa inatoka kwenye kola kama ya mtu aliyeazima shati.

"Amekonda," alisema. "Amekonda sana."

Bibi Emiliana alitikisa kichwa taratibu. Hakufuta macho; yalikuwa mekundu vilevile kama siku zote. Kisha aliuliza kama choroko zimeshabandikwa motoni, maana watu wote wale walikuwa hawajala tangu asubuhi.